Kijana, Mali Yako Unaijua Wewe na Simu Yako Tu

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp mtu mmoja, hata miaka 30 hajafika, aliuliza aanzie wapi kuandika wosia. Majibu yakamiminika: uchuro huo, kwani unaumwa, una mali gani wewe? Mwishowe akafuta swali lake. Hilo la "una mali gani" ndilo lililoniuma, na ndilo ninalotaka kulijibu.

Mali ya mzee haijifichi. Mipaka ya shamba lake majirani wanaijua, nyumba ina wapangaji, ng'ombe wako zizini. Akifa bila kuandika kitu, ukoo utagombana, lakini utagombania vitu vinavyoonekana. Kijana wa leo mali yake anaijua yeye na simu yake. Kiwanja cha Chanika alinunua kwa karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa, na karatasi hiyo imo kwenye bahasha ambayo hajamwonyesha mtu. Pesa kidogo ziko M-Pesa, kidogo benki, ana vipande vya UTT, yaani mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ana akiba SACCOS ya kazini. Pikipiki kampa dereva anayeleta hesabu kila jioni, makubaliano ya mdomo. Kuna rafiki alimkopesha milioni kwa kuaminiana, na kuna duka analodaiwa yeye.

Akifa leo, nani ataulizia nini? Familia haiwezi kudai kitu ambacho haijui kama kipo. Kiwanja kikikaa mwaka mzima bila kufyekwa, hapa Dar es Salaam, kinaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, na mjane akija hana hata nakala ya kuonyesha. Ndiyo maana nasema kijana anahitaji wosia kuliko baba yake. Kabla ya kusema nani apewe nini, aseme kwanza kuna nini, kiko wapi, nani anamdai na yeye anamdai nani.

Sisi Waislamu ndio hatuna kisingizio kabisa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Hakutaja umri. Ndiyo, mafungu ya warithi yameshapangwa na wasia hauvuki theluthi ya mali, lakini deni hulipwa kabla ya kugawa, na deni lisiloandikwa atalilipa nani?

Halafu kuna mwenzako. Wengi wetu tunaishi pamoja bila cheti, mahari imelipwa nusu, mtoto yupo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatoa dhana ya ndoa mkikaa pamoja miaka 2 au zaidi, lakini dhana hiyo hupingwa, na anayeweza kuipinga mbele ya hakimu ni ndugu yako uliyekuwa unakula naye. Hata cheti hakimalizi kazi. Wajane wawili wa Shinyanga, wenye watoto, walitolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume kwa sheria za kimila zilizoandikwa 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba sheria hizo ni za kibaguzi, ikakataa kuzifuta. Ilibidi wafike mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa, iliyowapa haki 2015. Miaka yote hiyo!

Na kama una mtoto nje ya ndoa, mwandike kwa jina lake. Usimwachie mama yake kazi ya kumtambulisha siku ya mazishi.

Wosia hauzuii ugomvi, hilo nakubali. Unaweza kupingwa, na mirathi itafunguliwa mahakamani vilevile. Lakini hakimu atakuwa na neno lako mkononi, pamoja na msimamizi uliyemtaja mwenyewe, badala ya muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake.

Ukiwa na miaka 18 na akili timamu, unaweza. Tafuta mashahidi wasio warithi. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandaa wosia na kuutunza. Ukiuweka kwingine, mtu unayemwamini ajue ulipo. Namba ya siri usiiandike humo, orodhesha akaunti tu. Ukinunua kingine au ukipata mtoto mwingine, rudi uubadilishe, kwa sababu wosia wa mwisho ndio unaofuatwa.