Uliza Kinachoshikilia Kabla Hujashika Nyundo

Mashine ya mtumba ikifika nyumbani, iwe lethi ndogo (mashine ya kukereza chuma) ya mnada kutoka Industrial Area ya Nairobi au drili ya kusimama iliyolala miaka Kariobangi, kazi ya kwanza si kukata chuma. Ni kutenganisha vitu visivyotaka kutengana: puli na shafti, beringi na nyumba yake (kitundu inamokaa), chaki (kishikio chenye taya cha lethi) na spindeli (mhimili unaoizungusha). Hapo ndipo mashine nyingi huuawa, na muuaji kwa kawaida si kutu. Ni nyundo iliyoinuliwa kabla mtu hajajua kitu kimeshikiliwa na nini.

Anza kwa kusafisha. Brashi ya waya, kitambaa chenye dizeli, tochi. Chini ya rangi na grisi iliyoganda mara nyingi kuna saklipu (pete ya kuzuia kitu kisitoke) au pini ambayo hakuna aliyeiona. Puli ikiwa na skrubu isiyo na kichwa, itoe, kisha rudisha ufunguo wa alen ndani ya tundu lile lile na upapase. Watengenezaji wengi huweka skrubu mbili moja juu ya nyingine, ya juu ikiifunga ya chini, na puli nyingi za kasti (chuma cha kumimina) zimepasuliwa na watu walioitoa ya juu wakadhani wamemaliza.

Pini zenye tepa, yaani nyembamba ncha moja kuliko nyingine, nazo zina upande. Za kipimo cha milimita hupungua 1 kwa kila 50; ya urefu wa milimita 50 basi hutofautiana milimita 1 kutoka ncha hadi ncha. Jicho laweza kudanganyika, kwa hiyo shika kalipa, upime ncha zote mbili, halafu ugonge ile nyembamba. Ukigonga nene unazidi kuikaza. Nati ya kushoto ya grainda ya meza ni mtego wa aina hiyo hiyo: nyuzi zake ni za kinyume, hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa.

Ukishahakikisha hakuna kizuizi, bado kuna swali moja: ni kutu, au ni kipimo, yaani shafti iliyotengenezwa nene kidogo kuliko tundu lake ili ibanwe? Mafuta ya kupenya husaidia kutu. Kitu kilichoshindiliwa kikiwa safi na kikavu hakina pa kupitisha mafuta, na kukimwagia kopo zima ni kupoteza pesa. WD-40 inayouzwa kila duka Kirinyaga Road ilibuniwa kufukuza maji. Kwa nati iliyoganda kweli, nusu mafuta ya gia za otomatiki na nusu asetoni ni bora. Vimiminika hivyo hutengana, kwa hiyo tikisa kila mara kabla ya kutia. Tia, gonga kidogo, acha ilale usiku kucha. Nati ikianza kusogea, izungushe robo, irudishe, tia tena. Anayeilazimisha upande mmoja tu hubaki na bolti mkononi na nusu yake ndani.

Kwa kitu kilichobanwa kwa kipimo, dawa ni joto, na hesabu yake ni rahisi. Chuma hutanuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Tundu la milimita 50 likipata joto la digrii 150 zaidi ya shafti, hupanuka takriban milimita 0.09. Mbano wa kawaida wa ukubwa huo hauzidi sana milimita 0.04. Umeshinda bila kupiga chochote, mradi shafti imebaki baridi. Hapa ndipo wengi hukosea: moto mdogo, dakika nyingi, na shafti inatanuka pamoja na puli. Tumia moto mkubwa kwa muda mfupi, uuzungushe kwenye kitovu chote, na ufunge kitambaa chenye maji kwenye shafti. Tochi ya gesi ya mtungi wa kilo 6 inatosha kwa kazi nyingi za nyumbani. Tone la maji likichemka papo hapo, umepita 100. Likianza kucheza na kukimbia juu ya chuma, uko karibu na 200, na hapo acha. Kasti usiipashe sehemu moja tu, itapasuka. Beringi unayotaka kuitumia tena usiipeleke zaidi ya 120. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo nyumba ya aluminiamu iliyotoka kwenye oveni mara nyingi huangusha beringi ukiigongesha tu juu ya ubao.

Onyo moja halina mjadala: usipashe moto kitu ulichokipulizia kisafisha breki chenye klorini. Mvuke wake ukikutana na joto kali hutoa fosjini, gesi inayoua. Mchanganyiko wa asetoni nao ufute, asetoni ivukize kwanza.

Pula (vifaa vya kuvuta puli itoke kwenye shafti) za miguu mitatu za bei rahisi hazitufai. Miguu hujipanua, huteleza, au hushika ukingo wa puli na kuumega. Tengeneza yako: bamba la milimita 12, bolti mbili za M8 (kipenyo cha milimita 8) za daraja la nguvu 8.8, na ya kati ya M16. Toboa kitovu cha puli matundu mawili yanayotazamana, uyatie nyuzi za M8, na nguvu yote itakaa palipo na nyama. Weka kipande cha shaba kati ya bolti na ncha ya shafti, la sivyo utaiharibu senta, kitundu cha katikati ya ncha hiyo. Kaza hadi iwe ngumu, gonga kichwa cha bolti mara moja, subiri, kaza tena. Ikigoma, pasha moto ikiwa imekazwa hivyo hivyo, na usisimame mbele yake.

Chaki ya lethi yenye spindeli ya nyuzi ina kosa lake maalumu: kufunga mashine kwa gia ya nyuma (gia za mwendo wa polepole) ili spindeli isizunguke, kisha kuvuta chaki kwa nguvu. Meno ya gia ndiyo hukatika. Chomoa umeme, weka gogo la mti mgumu nyuma ya kitanda, na uzungushe mkanda kwa mkono kinyumenyume hadi taya igonge gogo. Mgongano huo mfupi wa ghafla hufanya kazi kuliko kuning'inia kwenye bomba refu.

Bolti ikikatika ndani, usinunue ekstrakta, kifaa cha kung'olea bolti iliyokatika. Ni chuma kigumu kinachosumbua drili ya kawaida, na ikivunjika humo tatizo limezaa jingine. Chomelea nati juu ya kisiki cha bolti, kubwa kwa saizi moja ili kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 kiingie vizuri, ngoja wekundu upotee, gusisha mshumaa nta inyonywe ndani, kisha zungusha ikiwa bado ya moto. Kama huna mashine ya kuchomelea, fundi wa Kamukunji ataifanya, mradi umempelekea kisiki kizima, si tundu lenye ekstrakta iliyovunjika ndani.