Msiitwike Peugeot 205 GTI makosa ya dereva

Kila ikitajwa Peugeot 205 GTI, hakosekani wa kusema kigari kile kinaua, na kwamba mwenye akili hununua Volkswagen Golf GTI ya toleo la pili. Magari yote mawili yalitoka mwaka 1984, na miaka yote hii shutuma ni ileile. Inakera, kwa sababu wengi wanaoirudia hawajawahi kuinama wakaangalia ekseli ya nyuma.

Tuanze na kona. Peugeot yenye injini ya lita 1.6 ina kilo 850 hivi. Golf inapita 900. Ukiingia kona kwa kasi, ukashtuka na kuachia mafuta ghafla, uzito wote hukimbilia mbele, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi na mkia unatoka. Golf huvumilia zaidi kosa hilo. Dawa inajulikana: maliza kufunga breki barabara ikiwa bado imenyooka, kisha ndani ya kona mguu ubaki kwenye mafuta, hata kama ni kidogo. Ukifanya hivyo, 205 inageuka kwa wepesi ambao Golf haina, na usukani unakueleza kila kokoto.

Halafu kuna ugonjwa wa 205. Mikono ya magurudumu ya nyuma huzunguka kwenye beringi za sindano, yaani vyuma vyembamba vinavyoviringika, ndani ya bomba la ekseli. Sili zikichoka, maji yanaingia, grisi inasombwa, sindano zinashika kutu na kuanza kula shafti. Simama nyuma ya gari kwenye sakafu iliyo sawa: magurudumu yakiwa yameinamiana kwa juu kama paa la nyumba, ekseli inaumwa. Nyanyua kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, usiliingize gari hilo konani. Fundi akisema abadilishe beringi tu, mwambie atoe shafti muiangalie pamoja. Ikiwa imechimbika, beringi mpya hazitadumu. Ukichelewa zaidi, bomba lenyewe huliwa, na hapo ni ekseli nzima. Gari katika hali hiyo likipinduka, lawama inaangukia chapa!

Nakubali, kwa shingo upande: Golf imeundwa kwa uimara zaidi. Milango yake ni mizito, dashibodi haipigi kelele, na ile ya valvu 16 ina nguvu za farasi 139. Lakini nayo ina kidonda chake. Shingo ya kujazia mafuta hushika kutu, chembe zinashuka kwenye tenki, zinafika kwenye pampu na kigawa mafuta cha K-Jetronic (mfumo wa kimakanika wa kupulizia injini mafuta), na kukitengeneza ni ghali. Kagua shingo hiyo kabla ya kulipa.

Kati ya 205 zenyewe, chukua 1.6 ya farasi 115, iliyokuja 1986. Ile 1.9 ya farasi 130 ina breki za diski nyuma na inavuta vizuri kutoka chini, lakini 1.6 ina gia fupi, na injini yake inapenda kuzungushwa mpaka juu.