McDonald's: pango hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida

Msemo umezoeleka kwamba McDonald's haiuzi baga, inapangisha viwanja. Ni kweli kiasi, ila wengi wakishausema hunyamaza, kana kwamba kodi ya pango ndiyo kosa lenyewe. Kinachomuumiza mwenye leseni, yaani mfanyabiashara anayepanga kwa kampuni na kuendesha mgahawa kwa jina la McDonald's, ni jinsi kodi hiyo inavyopigiwa hesabu.

Mwanzoni mpango ulikuwa na mantiki. Ray Kroc, aliyeieneza McDonald's, alipofungua mgahawa wake wa kwanza Des Plaines, Illinois, mwaka 1955, kila mwenye leseni alimlipa asilimia 1.9 ya mauzo, na katika hiyo 0.5 ilikwenda kwa ndugu wawili McDonald, waanzilishi wa mgahawa wenyewe. Kwa iliyobaki kampuni ilikuwa ikijikongoja. Mwaka 1956 Harry Sonneborn, mtu wa fedha wa Kroc, akaleta dawa: kampuni ikodi kiwanja, baadaye inunue, kisha impangishe mwenye leseni kwa bei ya juu. Ikapata pesa, ikapata na rungu, maana anayeharibu viwango vya jikoni huhatarisha pango lake. Mpangaji naye hakulazimika kutafuta mtaji wa ardhi. Haya ni manufaa ya kweli.

Leo takriban asilimia 95 ya migahawa inaendeshwa na wenye leseni, kwa kawaida kwa mkataba wa miaka 20. Vikaango, viti na mabango hununua wao. Kodi ina kima cha chini, na juu yake huhesabiwa kwa asilimia ya mauzo. Mauzo, si faida.

Chukua mfano wa kubuni. Katika kila dola 100 zinazoingia, pango ni 10, mrabaha (ada ya kutumia jina la kampuni) 5, matangazo 4. Chakula na vifungashio 30, mishahara 30, umeme, matengenezo, bima na mkopo 12. Mpangaji anabaki na 9. Sasa ije ofa: bei ishuke kwa asilimia 20, wateja wafurike, idadi ya baga ipande kwa asilimia 25. Mauzo ni yaleyale dola 100 (80 mara 1.25), na kampuni inachukua 19 zake kama jana. Lakini nyama, mikate na karatasi sasa ni 37.50. Mpangaji kabaki na dola 1.50, na hapo hajaongeza hata mtu mmoja wa zamu kwenye foleni hiyo ndefu.

Idadi ya baga ikipanda kwa asilimia 20 tu badala ya 25, kampuni bado inapata zaidi ya dola 18 huku mpangaji akiingia hasara. Ndiyo maana ugomvi wa ofa hauishi. Ofa ya dola 5 ilipoanza Marekani Juni 2024, Coca-Cola ilichangia fedha za kuitangaza ili wenye leseni waikubali.

Kampuni hujibu kwamba ofa humrudisha mteja aliyehama, na kesho atanunua cha bei kamili. Huenda, na mgahawa mtupu haumlipi yeyote. Ila gharama ya kungoja hiyo kesho huibeba mpangaji. Kukata asilimia kwenye mauzo kuna urahisi wake, kwani mauzo husomeka kwenye mashine ya malipo ilhali faida hufichika vitabuni. Hata hivyo, hakuna kinachozuia pango kupunguzwa kwa wiki za ofa. Badala yake, kuanzia Januari 2024, mrabaha wa migahawa mipya Marekani ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 5.