Gesi Nafuu, Foleni Ndiyo Ghali

Jamani, asitokee mtu akasema sera za kupunguza matumizi ya mafuta hapa Dar es Salaam hazifanyi kazi. Zinafanya kazi mno! Gari langu siku hizi halili petroli hata kidogo, kwa sababu muda mwingi limezimwa, lipo kwenye foleni ya gesi, na aliye mbele akisogea nalisukuma kwa mkono.

Tuliingia kwa matumaini. Agosti 2022 petroli ilivuka shilingi 3,400 kwa lita, tena ruzuku ya serikali ikiwa imo. Sisi madereva wa teksi za mtandao tukawa tunaisubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, watangaze bei mpya, kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Tukaambiwa fungeni mtungi wa gesi kwenye gari, gesi ni yetu, inatoka Songo Songo na Mtwara, na bomba la Mtwara limefika mjini tangu 2015. Nikakopa kwenye kikoba, nikafunga.

Nisiwe mnafiki, nafuu ipo. Kilo ya gesi ni kama nusu ya bei ya lita ya petroli, na inakufikisha mbali kuliko hiyo lita. Kazi ni kuipata. Magari yamefungwa gesi mbiombio, vituo vinakuja kwa mwendo wa harusi.

Ninapojazia mimi, ukifika saa tisa usiku unakuta wenzako washakoroma. Muuza kahawa yupo na kashata zake, wa mihogo yupo, na kuna jamaa ana daftari la namba za foleni, wala hatujui kateuliwa na nani. Bajaji zinachomekea, matusi yake usiombe. Halafu yakibaki magari matatu ufikiwe, umeme huo, umekatika! Kumbe gesi haiingii mtungini yenyewe, inashindiliwa na mashine mpaka presha ya baa 200, na mashine inataka umeme. Na umeme wenyewe, pale Ubungo na Kinyerezi, unafuliwa kwa gesi hiyohiyo. Nilimweleza mke wangu, akaninusa mdomo.

Mtungi nao umekalia buti lote. Juzi nimempakia mama mmoja wa uwanja wa ndege, nafungua nyuma niweke masanduku, akaruka.

"Baba, hilo si bomu?"

"Hapana mama, ni gesi."

"Sasa gesi na bomu vina tofauti gani?"

Sanduku moja kalipakata safari nzima, jingine nimelifunga mkanda kiti cha mbele. Kanipa nyota moja.

Lakini kinachoniuma si mtungi. Pita nje ya ukumbi wowote wenye semina ya kubana matumizi, uone mashangingi yamepangwa chini ya miarobaini, injini zinanguruma, kiyoyozi kinapuliza, dereva kalala mdomo wazi, ili bosi akitoka asikalie kiti cha moto. Huko ndani wanajadili namna mimi nitakavyoliacha gari nyumbani nipande basi. Sikatai. Njia ya mwendokasi ipo tangu 2016, na asubuhi pale Kimara ukifanikiwa kuingia na viatu vyote viwili, Kivukoni unamwacha mwenye gari mbali. Ila sijawahi kuona shangingi limeachwa nyumbani.

Wiki iliyopita tumejipanga usiku kama kawaida, pampu za petroli pembeni hazina mtu. Likaingia shangingi lenye namba za serikali, likajazwa fulu tenki bila hata kuzima muziki. Bosi akateremsha kioo, akatutazama.

"Vijana, mbona mmejazana hapa usiku wote huu?"

Mzee wa bajaji mbele yangu akavua kofia.

"Tunatekeleza sera, mheshimiwa."

Akapandisha kioo upesi, ubaridi ulikuwa unamtoroka.