Mtu mzima anajifunza lugha, mpeni wa kuongea naye

Nyumbani Tanga ukisema unaanza kujifunza lugha ngeni na umri umeshavuka thelathini, utajibiwa kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Hapa Hamburg ninakoishi methali hiyo haipo, lakini imani ni ile ile. Mtoto ndiye mwenye lugha, mkubwa anabahatisha. Nimekuwa nikihudumia wazee kwa miaka sasa, kwa Kijerumani nilichokipata ukubwani, na naona wazi kuwa imani hii inaumiza watu. Mgeni anakata tamaa kabla hajaanza, na mwenyeji anapata sababu ya kutomsemesha.

Ukweli wake upo zaidi kwenye sauti. Mtoto mchanga husikia tofauti za sauti za lugha nyingi, lakini kabla hajamaliza mwaka wake wa kwanza sikio lake limeshaanza kuelemea sauti za watu wa nyumbani kwake. Ndiyo maana lafudhi ya utotoni ni ngumu kuivua. Nenda soko la Mgandini, utamkuta mzee aliyekuja Tanga akiwa kijana kutoka kusini, na mpaka leo "r" yake inatoka "l". Lakini mzee huyo anapatana bei, anasuluhisha magomvi ya majirani, anasimama msibani kuwashukuru waliokuja kuzika. Nani atasema hajui Kiswahili?

Upande wa sarufi, utafiti uliotolewa 2018, uliokusanya majibu ya watu wapatao 670,000 kwa njia ya intaneti, ulionesha kwamba uwezo wa kunasa sarufi ya lugha mpya unabaki juu mpaka karibu miaka 17, kisha unashuka. Watu wameushika huo mwisho tu. Kushuka si kuzimika. Miaka ya 1970 watafiti waliwafuatilia wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, na katika miezi ya mwanzo vijana na watu wazima ndio waliotangulia, watoto wadogo wakiwa nyuma. Mkubwa anajua kusoma, anajua kuuliza, anajua kupanga jambo kichwani. Na ubongo wenyewe haujaganda: mwaka 2012 watafiti wa Sweden waliwapima wanafunzi wa ukalimani jeshini, vijana waliojifunza lugha mpya kwa bidii kubwa kwa miezi mitatu, wakakuta hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kumbukumbu, na baadhi ya sehemu za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, zimeongezeka. Wanafunzi wengine waliokuwa wakisoma masomo mengine kwa bidii hawakuonesha ongezeko hilo.

Sasa nije kwenye linalonikera. Tanga imejengwa na watu wazima waliojifunza lugha. Mkonge ulipoletwa mwaka 1893, na mashamba yakatapakaa Muheza, Korogwe na Pangani, walihitajika watu wa kukata, na kwa miongo mingi waliletwa manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Songea, Kigoma, Njombe, hata nje ya mipaka. Wengi hawakuwahi kukaa darasani. Kiswahili walikikuta kambini, kwenye reli, dukani, msikitini na kanisani, kikisemwa na watu ambao wengi wao nao walikuwa na lugha nyingine nyumbani: Wabondei, Wasambaa, Wazigua, Wadigo. Mwenzako akikosea ngeli unamwelewa, maisha yanaendelea. Ndiyo, watu wa pwani tunapenda kumcheka mtu wa bara kwa matamshi, na sioni fahari katika hilo. Lakini tukishacheka tunaendelea kuongea naye. Hatumgeuzii kisogo.

Ujerumani nayo iliwaita wafanyakazi. Mwaka 1961 ilisaini mkataba na Uturuki, wakaja watu wazima kwa maelfu kuingia viwandani na migodini. Wengi waliwekwa mabwenini, wakidhaniwa watarudi kwao baada ya muda mfupi, na hakukuwa na mpango wa taifa zima wa kuwafundisha lugha. Kozi za namna hiyo zilianza 2005. Baadhi ya watu wa kizazi kile ndio ninaowaogesha na kuwalisha leo. Wapo walioishi hapa zaidi ya nusu karne, na Kijerumani chao ni cha kazini tu. Nasikia watu wakisema hawakutaka kujifunza. Mimi nakaa nao, nawasikiliza. Walishinda na mashine zenye kelele, jioni wakarudi kwa wenzao, na jirani Mjerumani aliishia kwenye salamu ya ngazini. Ubongo wa mtu huyo ungejifunzia wapi?

Niwe mkweli kwa pande zote mbili. Kozi ya sasa ni jambo kubwa: vipindi 600 vya lugha na 100 vya kuijua nchi, lengo likiwa kufika ngazi ya B1, yaani kuweza kujieleza katika mambo ya kila siku. Hatuna kitu cha namna hiyo Tanga. Lakini wenzangu wengi wanatoka shifti ya usiku wanakwenda moja kwa moja darasani, na hilo linapingana na ubongo wenyewe. Neno jipya hushikwa kwanza kwa msaada wa hipokampasi, na usingizi ni mojawapo ya nyakati ambazo neno hilo hukaziwa na kuanza kukaa kwenye gamba la ubongo. Mtu asiyelala anajaza ndoo iliyotoboka. Mwajiri anayetaka wahudumu wenye Kijerumani kizuri apange shifti zinazomwacha mwanafunzi alale, na ampe nafasi ya kuzungumza na wazee badala ya kumhesabia dakika kila kitanda.

Jambo jingine linalowatisha watu ni kusahau. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe akikariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo 1885: sehemu kubwa hupotea haraka, tangu siku ya kwanza, lakini ukijifunza tena kitu kile kile unatumia muda mfupi kuliko mwanzo. Karibu miaka mia baadaye, 1984, Harry Bahrick wa Marekani aliwapima watu 733 waliowahi kusoma Kihispania shuleni, wengine miaka hamsini nyuma. Walipoteza mengi katika miaka mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha kilichosalia kikakaa pale pale kwa miongo, na waliosoma kwa kina zaidi ndio waliobakiwa na kingi. Jirani yetu wa Chumbageni, kule Tanga, ni ushahidi wangu. Alisoma Leipzig miaka ya themanini, akarudi, na Kijerumani hakikuwa na wa kukitumia. Nilipoanza kumpigia simu, mwanzoni maneno yalikuwa yanamkwama. Siku chache tu, ananirekebisha mimi viambishi.

Na hapa methali ya samaki inanipa shaka. Aliye mbichi anakunjika upesi, lakini anakunjuka upesi vilevile. Utafiti wa Ufaransa ulichapishwa 2003 kuhusu watu waliozaliwa Korea, wakaasiliwa na familia za Kifaransa wakiwa na umri wa miaka mitatu hadi minane. Walipopimwa ukubwani, Kikorea kilikuwa kwao kama lugha yoyote ngeni. Hata picha za ubongo hazikuonesha alama yake. Mimi niliyetoka Makorora mtu mzima nitakwama neno moja moja, lakini Kiswahili hakinitoki. Mwanangu aliyezaliwa hapa ndiye anayeweza kukipoteza chote. Kwa hiyo kina mama wenzangu mlio huku, mnaoambiwa muongee Kijerumani na watoto ili wasichelewe shule, tafadhali msikubali. Kijerumani watakipata uwanjani na darasani bila ninyi. Kiswahili hawana pengine pa kukipata.

Kwa walio nyumbani, tazameni Kiingereza chetu. Kijana anafundishwa kwa Kiingereza miaka minne ya sekondari, anamaliza, na akikutana na mgeni pale Raskazone anakosa la kusema. Ubongo wake ni mzima na umri wake ulikuwa mzuri. Amenakili ubao, hajaongea. Mchuuzi wa Mgandini aliyejifunza Kidigo kwa wateja wake amempita mbali, na hakuna aliyempa cheti.

Mdogo wangu, mtoto wa shangazi, yuko Tanga akijiandaa kwa mtihani wa A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, atakaoufanyia Dar es Salaam ili amfuate mumewe huku, na ameshaanza kuniambia kichwa chake kimezeeka. Ana miaka thelathini na minne. Nimemwomba mzee wa Chumbageni awe anampokea barazani kila jioni baada ya magharibi, waongee Kijerumani tu kwa nusu saa, habari za soko, za watoto, za mechi ya Coastal Union. Amekubali, na wanaanza Jumatatu.