Mjusi wa Tanga asiyejulikana Tanga

Kila ukizuka mjadala wa kurudisha mifupa ya dinosaria wa Tendaguru kutoka Berlin, watu wa Tanga nasi tumo, tena kwa sauti ya juu. Sina ugomvi na hilo. Mifupa ile ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, na yule mkubwa wao anasimama zaidi ya mita 13 kwenda juu, lazima agombaniwe. Ila kaa kwenye kahawa pale Ngamiani uulize habari za Tangasaurus. Utaulizwa anacheza namba ngapi Coastal Union.

Huyu ni wetu hasa. Mabaki yake yalitoka kwenye miamba ya hapa Tanga, na mwaka 1924 mwanajiolojia Sidney Haughton akamwandika kwa jina la Tangasaurus mennelli. Si dinosaria. Ni mtambaazi mdogo mwenye umbo la mjusi, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, dinosaria wenyewe hata hawajatokea.

Kinachonivutia zaidi ni ukoo wake. Hovasaurus, ndugu yake wa Madagaska, alikuwa na mkia mrefu uliobanwa ubavuni kama kasia, na ndani ya vifua na matumbo ya visukuku vyake zimekutwa kokoto alizomeza. Inadhaniwa zilimpa uzito wa kuzamia. Wala ukoo huo haukuhitaji kuvuka bahari: Madagaska ilikuwa bado imeshikana na Afrika.

Sasa mtu asiniambie watu wa Tanga hawana habari na viumbe wa kale. Silikanti, yule samaki wa kale, alipoanza kunasa kwenye majarife ya wavuvi wetu miaka ya 2000 mwanzoni, mji mzima ulimjua, na leo ana hifadhi yake ya bahari. Huyu mwingine amekosa mtu wa kumsema tu.

Mimi sidai meli wala mkataba na serikali ya nje. Nadai nakala ya plasta, meza moja kwenye makumbusho pale Boma ya zamani, na maelezo ya Kiswahili ambayo mtoto wa darasa la tano atayasoma bila kushikwa mkono. Waongoza wageni wa mapango ya Amboni nao wamtaje, mradi wasiseme alikuwa akiishi mapangoni. Mawe yale ya chokaa ni ya zama za dinosaria; yeye alishatoweka kitambo.

Na atakayesema mgeni hatalipa kiingilio kuona mjusi, amtoe kwanza yule mgeni anayelipa kuona popo wa Amboni.