Mpige Picha Akikutazama

Wanaochangisha fedha kwa ajili ya wanajeshi wa zamani huniomba picha ya aina moja: mkongwe wa vita ameinamisha kichwa, chumba kina giza, mkongojo uko mbele, na chozi likipatikana ni heri zaidi. Siipigi. Huleta pesa siku hiyo hiyo, sikatai, lakini mtoaji akishaguswa na kutoa huona amemaliza kazi. Ameiona huruma yake mwenyewe, lakini mtu aliye kwenye picha hakumwona.

Mimi humtaka mkongwe akae aitazame lenzi. Humwachia aamue kama atavaa sare au shati la kawaida, kama nishani zionekane, na kama mguu wa bandia utafunikwa au utabaki wazi. Haya si mambo madogo kwa mtu aliyeishi miaka mingi akipangiwa avae nini na asimame wapi.

Nakumbuka mmoja ambaye mkono wake wa kushoto uliungua vitani. Karibu nusu saa aliuficha ndani ya koti. Niliiweka kamera chini tukaanza kuzungumzia saa yangu ya ukutani, iliyokuwa ikichelewa. Aliishusha, akaifungua, akaanza kuichokonoa, na mkono ukatoka kufanya kazi bila yeye kuufikiria. Alipomaliza aliuweka juu ya goti akaniambia, "Haya, piga." Kwenye maonyesho picha hiyo ndiyo iliyotangulia kununuliwa, na aliyeinunua aliniuliza huyu bwana ni nani, anajishughulisha na nini. Hayo ndiyo maswali ninayoyataka, kwa maana anayeuliza jina la mtu hurudi.

Kazi hii ina historia ndefu. Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokuwa vikiisha, daktari Reed Bontecou aliwapiga picha majeruhi katika hospitali ya jeshi ya Harewood, Washington. Wengi walishika kibao chenye jina lao. Picha zile zilitumika kufundishia madaktari, na pia kuthibitisha majeraha ya askari waliodai pensheni. Zilimpa askari ushahidi wa haki yake mbele ya karani, naye hakulazimika kumwomba mtu amhurumie. Hata hivyo hunisumbua kuwaza kwamba askari aliyelazwa chini ya amri ya jeshi angewezaje kukataa kupigwa picha. Ndiyo maana leo huomba ridhaa mara mbili, kabla ya kupiga na baada ya mhusika kuiona picha. Akisema ifutwe, inafutwa, hata kama ni nzuri kupita zote.

Karibu na wakati wetu, mwanamuziki Bryan Adams aliwapiga picha wanajeshi wa Uingereza waliojeruhiwa Iraq na Afghanistan, akazitoa katika kitabu mwaka 2013. Makovu na viungo vilivyokatwa vimeonyeshwa bila kufichwa, na wenyewe wanakukazia macho. Ukizitazama, wewe ndiye unayeanza kukwepesha macho.

Pale kamera inaposhindwa ni kwenye majeraha ya akili. Asiyelala usiku kwa sababu ya aliyoyaona anaweza kuwa na uso mtulivu kabisa, na kumtilia giza la kutengeneza ili aonekane ameumia ni uongo. Hapo uso ubaki ulivyo, na maneno yake yawekwe kando ya picha. Na yataje hitaji lenyewe, iwe ni nauli ya kwenda kumwona mshauri nasaha au kodi ya miezi mitatu. "Tuwasaidie mashujaa wetu" haimwambii mtoaji pesa yake inakwenda wapi.

Maelezo ya picha huwapa wahusika wayasome kabla hayajachapishwa. Yule wa mkono ulioungua nilikuwa nimemwandika "majeruhi wa vita". Alichukua kalamu, akayakata maneno hayo, juu yake akaandika "fundi saa".